Spoku ya Koplo Mniko

Bhoke alikata ukingo wa shuka kwa meno, akavuta, kipande chembamba kikachanika hadi mwisho. Akakifunga kwenye kijiti cha thelathini na saba. Mbele yake, hatua mbili tu, mume wake alikuwa amelala kifudifudi kwenye udongo wa shamba lao, akichomeka spoku ya baiskeli ardhini kwa mshazari, polepole, kama mtu anayejaribu ndizi zilizo jikoni kuona kama zimeiva. Anachomeka, anasikiliza kwa vidole, anachomoa. Anasogea upana wa vidole viwili. Anachomeka tena.

"Kijiti," alisema Mniko bila kugeuka.

"Hiki hapa."

"Kitambaa kielekee upande uliosafishwa."

"Kinaelekea, Baba Nyarangi."

Ilikuwa siku ya nne ya kazi hiyo. Koplo Mniko alikuwa amerudi kutoka Yugoslavia, alikokwenda na jeshi la kulinda amani, akapewa likizo ya siku arobaini. Kule kikosi chake kilikuwa kinatoa mabomu yaliyofukiwa mashambani. Wiki ya kwanza alikaa ndani. Wiki ya pili alimwona Bhoke akitoka na jembe begani kuelekea shambani, akapiga ukelele hadi kuku wakaruka juu ya paa. Tangu siku hiyo hakutaka mtu akanyage mle kabla yeye hajapita na spoku. Na yeye mwenyewe hakukanyaga nyasi popote. Alipita palipopitwa tayari: kwenye njia, kwenye ua uliofagiliwa, kwenye saruji.

Bhoke hakubishana naye. Alikuwa ameona kwamba akimfungia vijiti, mikono ya mume wake haitetemeki. Hilo peke yake lilitosha kupoteza shuka moja. Ila alikuwa amepiga hesabu akilini: shamba lilikuwa ekari moja na zaidi kidogo, na Mniko alikuwa anamaliza kipande cha ukubwa wa mkeka kwa siku. Kwa mwendo huo wangepanda mahindi baada ya Krismasi, ya mwaka mwingine.

Mvua ilikuwa imeshapiga mara mbili. Wenzao wa upande ule wa Mabera walikuwa wanalima kwa risaga, yaani kwa zamu: boma moja siku moja, maksai wanne na plau moja, asubuhi hadi jua linapokuwa kali. Ukikosa zamu yako unarudi mwisho wa mstari. Mwisho wa mstari ulikuwa wiki tatu mbele, na wiki tatu mbele mvua ya kupandia ingekuwa imekwisha.

Saa kumi hivi Bonface, binamu ya Mniko, mwenye plau, alikuja akasimama nje ya vijiti. Alitazama vitambaa vyeupe vikipepea, akakuna kichwa.

"Shemeji, njoo kidogo."

Bhoke alirudi kwa njia ileile aliyoingilia, mguu mbele ya mguu.

"Zamu yenu ni Ijumaa," Bonface alisema kwa sauti ya chini. "Nimezungumza na wazee. Tumeona kama hataki kutoka, tumfunge kamba. Kidogo tu. Kwa upole kabisa. Tulime, tukimaliza tumfungue, mambo yaishe."

"Mtamfungia wapi?"

"Hapo kwenye nguzo ya ghala. Kivulini."

"Mbele ya Nyarangi?"

"Mtoto atapelekwa kwa bibi yake."

"Bibi yake yuko hapo jikoni, anakusikia."

Kutoka jikoni sauti ya Mama Susana, mama mzazi wa Mniko, ilipaa: "Nakusikia! Na nina mwiko mkononi! Mtoto wangu si ndama!"

Bonface alirudi nyuma hatua moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelia waziwazi kituoni siku Mniko alipoondoka, na siku aliporudi alimbeba mgongoni kutoka barabarani hadi nyumbani. "Mama, mimi natafuta njia tu," alisema. "Mkiwa na nyingine mniambie. Lakini Ijumaa ng'ombe watakuja."

*

Asubuhi ya Jumanne vijiti vyote havikuwepo.

Mniko alisimama kwenye ukingo wa shamba akiwa na spoku mkononi. Bhoke aliona jasho likimtoka nyuma ya masikio. Kabla hajapata la kumwambia, jirani yao Omwenga alitokea upande wa pili wa ua wa mkonge amekumbatia mzigo wa vijiti kama kuni, vitambaa vikining'inia, na uso umevimba kwa hasira.

"Mniko! Mimi na marehemu baba yako tulipanda mkonge huu pamoja ndio uwe mpaka! Leo unaniletea vibendera vya serikali? Unapima kwenda wapi? Nimeambiwa kuna soroveya anakuja na wewe ndiye uliyemwita!"

"Mzee, hakuna soroveya," Bhoke alisema.

"Vitambaa vyeupe ni vya nini? Kuna harusi?"

Mniko alimjibu taratibu, kwa adabu, kama anayetoa ripoti. "Mzee, ulipita wapi ulipokuwa unaving'oa?"

"Nilipita humo humo!"

"Kote? Kila mahali?"

"Kila mahali! Na nitapita tena!"

Mniko alichuchumaa akajishika kichwa. "Sasa sijui kilichosafishwa ni kipi," alisema. "Nitaanza upya."

Omwenga alimtazama, kisha akamtazama Bhoke. Hasira ikaanza kumtoka usoni, ikabaki aibu ya mtu mzima aliyekosea hajui wapi. Aliweka vijiti chini polepole, kimoja kimoja, kama vinaweza kuvunjika, akaondoka bila kuaga.

Siku hiyohiyo, kwenye mashine ya kusaga, Bhoke alikuwa amesimama kwenye foleni na debe lake la mtama. Mashine ikinguruma hakuna anayesikia la mwenzake isipokuwa aliyesemewa sikioni. Phanice, ambaye mume wake pia ni mwanajeshi, alimsogelea.

"Nasikia wa kwako anatafuta kitu shambani."

Bhoke alikaza uso. "Amepoteza pete."

"Wa kwangu hulala chini ya kitanda," Phanice alisema. "Mwaka wa pili sasa. Mimi juu, yeye chini. Tunasalimiana asubuhi kama majirani."

Bhoke alimgeukia. Wanawake wawili wakatazamana katikati ya vumbi la unga, kisha, bila kupanga, wakacheka hadi mwenye mashine akawatolea macho.

"Kuna nesi Homa Bay," Phanice alisema akijifuta machozi. "Anaitwa Sista Teresa. Ni mtu wa mambo haya. Haulizi kwa sauti kubwa. Usimpeleke Migori, mtaonana na kila mtu. Nenda Homa Bay. Useme unafuata mbegu."

*

Jumatano walifika Migori mapema. Ili kupata gari la Homa Bay ilibidi wavuke kutoka baraza ya maduka hadi upande wa pili, na mvua ya usiku ilikuwa imegeuza stendi kuwa tope tupu, halina alama ya mguu wala ya gurudumu. Mniko alikwama kwenye ngazi ya mwisho ya duka la Suleman. Makanga walimwona na viatu vyake vinavyong'aa.

"Afande anaogopa kuchafua buti!"

"Aletewe helikopta!"

Bhoke alihisi mkono wa mume wake ukikaza ndani ya wake. Alikuwa tayari kurudi nyumbani. Ndipo Suleman mwenyewe, mzee mwenye kofia ya kushona na tumbo la upole, akatoka na maboksi ya sabuni aliyoyakanyaga yakawa bapa. Akatandika la kwanza topeni, akasimama juu yake kwa miguu miwili, akatandika la pili, akasimama. Alifika hadi mlango wa gari kwa namna hiyo, akageuka.

"Karibu, bwana afande. Maboksi haya nayapata bure, nayatupa bure."

Mniko alipita bila kuangalia pembeni. Suleman hakuuliza chochote, na Bhoke alimkumbuka mzee yule katika sala zake kwa muda mrefu.

Homa Bay, benchi la kliniki lilikuwa nyuma kabisa ya jengo, mahali joto la ziwa linapokusanyika. Mtu mmoja tu alikuwa ameketi hapo, mwanamume mkubwa, kofia ya sufu ameivuta hadi kwenye nyusi. Mniko alipomwona, visigino vyake viligongana vyenyewe.

"Afande!"

"Shh! Kaa chini, Koplo. Hapa hakuna afande."

Alikuwa Sajini Mogaka, mtu wa Kisii, mkubwa wa seksheni yao. Bhoke alimjua kwa barua. Katika kila barua Mniko alikuwa ameandika kwamba wakiwa na Sajini Mogaka hakuna linaloweza kuwapata.

"Umefuata nini huku?" Mogaka aliuliza, macho mbele.

"Malaria, afande."

"Malaria. Migori dawa imekwisha?"

"Hapana, afande. Na wewe?"

"Malaria."

Mbu mmoja alipita kati yao, hakuna aliyejishughulisha naye.

"Kisii pia kuna dawa," Mniko alisema kwa heshima.

"Ipo. Lakini hii yangu ni malaria ya kusafiri."

Bhoke hakuweza kujizuia. Kicheko kilimtoka puani. Mogaka aligeuka akamtazama kwa ukali wa kijeshi, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mwisho wote watatu walikuwa wanacheka, hata Mniko, ambaye Bhoke hakuwa amesikia kicheko chake tangu arudi.

"Mama," Mogaka alimwambia, "mimi siwezi kusikia mlango ukisukumwa. Nikisikia, sijui nafanya nini. Sasa mke wangu amewafundisha watoto waimbe wakikaribia nyumba, nijue ni wao. Kijiji kizima kinadhani tumeokoka." Akavua kofia, akajifuta jasho. "Seksheni yetu tulirudi tisa. Nimeandikiana na sita. Wanne wana malaria hii hii. Mmoja ananiambia usimwambie mtu, na wa pili ananiambia vilevile, na mimi nawajibu wote sina shida."

Sista Teresa alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kalamu nywelini. Aliwaita ndani mmoja mmoja, akawapa muda. Mniko alipoingia na Bhoke, Sista alimwambia, "Wa tatu mwezi huu kutoka jeshini. Kila mmoja huniambia ni yeye peke yake. Wa Kisii wanakuja hapa, wa hapa wanakwenda Kisii. Nadhani mnapishana njiani, pale Rongo."

"Sista, mimi si mwoga," Mniko alisema.

"Sijasema. Ni ugonjwa, na wewe ni mgonjwa. Niambie unavyojiona."

"Kichwa kinajua hakuna kitu shambani kwangu. Miguu ndiyo imekataa."

"Basi tusigombane na kichwa bure. Tutaishughulikia hiyo iliyokataa. Lakini si kwa siku moja." Alimpa vidonge vya kumsaidia kulala, akamwambia arudi baada ya wiki mbili, na tena baada ya mbili nyingine.

"Na kambini? Wakijua, nitafukuzwa."

Sista Teresa aliweka kalamu chini. "Sitakudanganya, sijui watafanya nini. Barua ukiitaka nitaandika. Usipoitaka siandiki. Likizo haijaisha, tutaizungumza."

Walikula samaki pamoja na Mogaka kwenye hoteli ndogo yenye sakafu ya saruji. Bhoke alieleza habari za Ijumaa: ng'ombe, zamu, kamba. Mniko alitazama sahani yake. Mogaka alichambua miiba muda mrefu.

"Koplo, unakumbuka sheria ya kule? Kazi ikiisha?"

"Aliyesafisha ndiye anayetembea kwanza. Wenye shamba wanatazama."

"Shamba lile la mwisho hukutembea."

"Sikutembea."

"Kwa nini?"

"Mvua ilikuwa inakuja. Ulisema tupande gari."

"Nilisema. Ulikuwa umeniambia upande mmoja bado, nikasema inatosha." Mogaka aliweka mwiba ukingoni mwa sahani. "Kisha yule mama akaja na ng'ombe wake, akapitia upande uleule."

"Akaja," Mniko alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Miezi saba nasema ni mimi."

"Na mimi, miezi saba, nasema ni mimi."

Bhoke hakuwa amewahi kusikia habari za mama huyo. Alichukua kipande kikubwa cha samaki kwenye sahani yake, akakigawa, nusu kwa mume wake, nusu kwa sajini, na wote wawili wakala kama watoto walioambiwa wale.

"Ijumaa nitakuja," Mogaka alisema.

*

Ijumaa Bonface alifika na maksai wanne, plau, vijana wawili, na kamba mpya ya katani begani. Alijitahidi kuificha kamba kwa koti. Mama Susana alimkazia macho kutoka mlangoni, Nyarangi akiwa amening'inia kwenye gauni lake. Omwenga naye alikuwa upande wa pili wa mkonge, anajifanya anapogoa.

Mniko alisimama kwenye ukingo wa shamba. Alikuwa amelala usiku mbili mfululizo, macho yalikuwa safi zaidi, lakini miguu ilikuwa palepale.

"Ndugu yangu," Bonface alisema, "jua linapanda."

"Nipe siku mbili."

"Sina siku mbili. Ningekuwa nazo ningekupa."

Bonface alishusha kamba begani. Bhoke alijiweka katikati yao. "Siku mtakayomfunga kama mwizi nyumbani kwake," alisema, "na mimi mnifunge. Kisha mama. Kisha mtoto. Nguzo ya ghala ni ndefu, tutatosha."

"Shemeji, usinifanye niwe mtu mbaya."

Ndipo wimbo wa kanisani, wa sauti nene isiyojua tuni, ulipopanda kutoka njiani. Sajini Mogaka alikuwa anaimba makusudi, kwa mbali, ili asimshtue mtu. Alikuja kwa mwendo wa gwaride, viatu vimepigwa rangi, akasimama mbele ya Mniko.

"Koplo. Ripoti ya shamba."

Mniko alijinyoosha. "Afande. Urefu hatua nne, upana hatua tatu, palisafishwa. Alama ziling'olewa. Sasa hakuna kilicho safi."

"Mwaka jana nani alilima hapa?"

"Mke wangu, afande."

"Mwaka juzi?"

"Mke wangu."

"Shahidi aje mbele."

Bhoke alisogea. Hakujua aseme nini, kwa hiyo alisema alichokijua. Alionyesha kwa kidole. "Pale nilivunja mpini wa jembe. Pale kwenye jiwe jekundu uchungu wa Nyarangi ulinishikia, nikamaliza mstari kwanza. Kule chini kuna kichuguu, nimekibomoa mara nne na kinarudi. Nimelima hapa miaka sita. Misimu miwili kwa mwaka, palizi mara mbili kwa msimu. Hakuna shina la mahindi ambalo sijainama mbele yake."

"Spoku inaingia kiasi gani, Koplo?"

"Urefu wa kidole, afande."

"Na jembe lako, mama?"

Bhoke alijishika kifundo cha mkono. "Hadi hapa."

Mogaka alimgeukia Mniko. "Koplo, aliyesafisha shamba hili ni nani?"

Mniko alimtazama mke wake. Alitazama mikono yake, kisha miguu yake, muda mrefu, kana kwamba yeye ndiye aliyerudi safari.

"Ni Mama Nyarangi," alisema.

"Sheria inasemaje?"

"Aliyesafisha ndiye anayetembea kwanza." Na papo hapo uso ukabadilika. "Hapana. Afande, hapana. Si yeye. Bhoke!"

Bhoke alikuwa ameshavua ndala na kushika kamba ya maksai wa mbele. Miaka sita hakuwahi kufikiria miguu yake mle ndani, na sasa, kwa hatua ya kwanza, alihisi udongo baridi ukipanda kati ya vidole, na moyo wake ukauliza swali ambalo haukuwahi kuuliza. Nyuma yake Mniko alipaza sauti, "Simama!" Lakini Bhoke alijua akisimama hapo, shamba litabaki limesimama. Aliwavuta maksai. Plau ikazama, Bonface akapiga mluzi, ardhi ikafunguka. Alitembea hadi jiwe jekundu, akalipita. Alitembea hadi kichuguu. Alifika mwisho kabisa kwenye mkonge, akageuka akasimama, mikono kiunoni.

"Nimefika, Baba Nyarangi!"

Mniko alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua. Nyayo za mke wake zilionekana wazi pembeni ya mstari, moja baada ya nyingine. Alivua viatu. Aliweka mguu wake juu ya unyayo wa kwanza, akangoja. Akaweka wa pili. Mogaka alimfuata nyuma hatua kwa hatua, jasho linamtiririka chini ya kofia. Hakuna mtu aliyecheka. Hata vijana wa Bonface walishika pembe za ng'ombe wakatulia.

Ilimchukua muda mrefu kufika. Alipofika alimshika Bhoke bega, akashikilia hapo kama mtu aliyevuka mto.

"Ulinitisha," alisema.

"Na mimi nilijitisha."

Mstari wa nne aliomba kamba ya maksai. Alitembea mbele yao yeye mwenyewe, na mara kwa mara alisimama ghafla bila sababu, akatazama chini. Mwanzoni Bonface alitukana ng'ombe. Baadaye alijifunza kungoja. Kamba ya katani nayo ilipata kazi, maana nira ya nyuma ilikuwa imelegea.

Jua lilipokuwa kali maksai walianza kutoa ndimi. Walikuwa wamelima theluthi moja, pungufu kidogo. Bonface alitazama shamba lililobaki, akatazama mbingu. "Zamu yenu imeisha, shemeji. Sipendi kusema. Kesho ni ya mzee Omwenga."

Kutoka upande wa pili wa mkonge kulisikika kikohozi.

"Kesho nina shughuli," Omwenga alisema, bado anapogoa jani alilokwisha kulikata. "Sijui ni shughuli gani, lakini ninayo. Anzeni nyinyi. Mimi mtanilimia mkimaliza." Kisha akaongeza kwa ukali, "Na mpaka uko palepale!"

"Uko palepale, mzee," Mniko alimjibu.

Bonface aliwafungua maksai, lakini plau hakuibeba. Aliiacha imesimama ardhini ilipoishia, kazi ya nusu. Mogaka alikwenda na wengine kuketi kivulini, Nyarangi akamletea maji na kumwomba aimbe tena.

Mniko alibaki akibandua udongo kwenye ulimi wa plau kwa kidole gumba. Mbele yake majani yalikuwa marefu, hayajaguswa, yamelala upande mmoja kwa upepo. Miguu yake ilikuwa kwenye udongo uliolimwa, vidole ukingoni kabisa, wala havikuvuka.

"Kule kwenye majani," alimwuliza Bhoke, "umepita?"

"Nimepita."

"Mara ngapi?"

Mama Susana aliita kutoka jikoni, mara ya pili sasa, kwamba chakula kinapoa.

"Kesho nitakuhesabia," Bhoke alisema. "Twende tule."